Nani Ananiita?

Neno lililonipotezea mtu wa kwanza lilikuwa "madhara".

Ilikuwa Februari 2021, hapa Lewiston, jimbo la Maine, pembe ya kaskazini-mashariki kabisa ya Marekani. Nje theluji imefika magotini, ndani nimekaa na simu na orodha ya majina. Jumuiya moja ya wahamiaji ilikuwa imepata fedha za serikali ili watu wapigiwe simu kwa lugha zao kuhusu chanjo ya korona, nami nikapewa wasemao Kiswahili. Mezani nilikuwa na karatasi ya maelezo iliyokwisha kutafsiriwa. Nikaisoma kama ilivyo: chanjo ni salama, ila ina madhara kidogo.

Mama wa upande wa pili akanyamaza. Kisha akasema, kwa upole kabisa, "Kama unajua ina madhara, mwanangu, mbona unaniitia?" Akakata simu.

Alikuwa na haki. Kwa Kiswahili chetu madhara ni uharibifu: madhara ya mafuriko, madhara ya ukame, madhara ya gongo. Humkaribishi mtu kwenye madhara. Manesi wa kliniki za kwetu Handeni, Tanzania, wana neno lao, na kila mzazi aliyewahi kumbeba mtoto na kadi yake analijua: maudhi madogo madogo. Mkono utauma, mtoto atachemka usiku, kesho ataamka anadai uji. Neno hilo nilikuwa nalo miaka yote. Siku ile nikaliacha kwa sababu karatasi ilisema vingine. Yule mama nilimpigia tena mara tatu, hakupokea. Mpaka leo naumia nikimkumbuka.

Ndugu wa nyumbani huniuliza Kiswahili kimefikaje huku. Maine ilihesabiwa mwaka 2020 kuwa na watu milioni 1.36 tu, wengi wao Wazungu na wengi wao wazee. Lewiston ni mji wa viwanda vya nguo kando ya mto Androscoggin, na waliovitumikia zamani walikuwa wasema Kifaransa kutoka Quebec. Viwanda vikafa, nyumba za mbao za ghorofa tatu tatu zikabaki wazi. Mwaka 2001 Wasomali wakaanza kuhamia kutoka miji mingine ya Marekani, nyuma yao wakaja Wasomali Wabantu, halafu Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda, Waangola. Kiswahili kikawa lugha ya katikati. Mtu aliyekaa kambi ya Kakuma, Kenya, mtu aliyekaa kambi ya Nyarugusu, Tanzania, na mtu wa Uvira, Kongo, wakikutana kwenye duka la Lisbon Street, kinachowaunganisha ni hicho, kila mmoja na lahaja yake. Mimi nasema chanjo, Mkongomani ananiambia vaksini au shindano, Msomali anasema tallaal. Tunaelewana, lakini kuelewana si kuaminiana.

Mgonjwa wa kwanza wa korona jimboni alitangazwa tarehe 12 Machi 2020, na alikuwa wa wilaya hii hii ya Androscoggin. Miezi michache baadaye takwimu zilitoka na kunitetemesha: watu weusi hatufiki asilimia 2 ya wakazi wa Maine, lakini tulikuwa zaidi ya asilimia 20 ya waliopimwa wakakutwa nayo. Aliyeijua mitaa yetu hakushangaa. Nani alikuwa akiwaogesha wazee kwenye nyumba za kuwatunzia? Nani alikuwa akisimama bega kwa bega kwenye mashine za kufungasha vyakula? Mtu akirudi kazini anaingia nyumba ya vyumba vitatu yenye watu tisa. Hapo kujitenga utajitenga wapi?

Lazima nimtendee haki Dkt. Nirav Shah, aliyekuwa mkurugenzi wa Maine CDC, kituo cha jimbo cha kudhibiti magonjwa. Baba na mama yake walihamia nchi hii kutoka India, na alizungumza redioni mchana mwezi baada ya mwezi, taratibu, bila kumdharau anayeuliza. Majirani zangu Wamarekani walimpenda kama ndugu. Na tofauti ile ya asilimia hakuificha, aliisema wazi. Jimbo nalo likaanza kuzipa fedha jumuiya za wahamiaji wenyewe ziwahudumie watu wao, jambo ambalo naliona bado kuwa uamuzi bora kuliko yote waliyofanya. Lakini redio ile ya Kiingereza haikupanda ngazi za nyumba za Birch Street na Bartlett Street. Kilichopanda ngazi kilikuwa WhatsApp.

Na WhatsApp ilikuwa inaleta habari za kwetu. Tarehe 27 Januari 2021, Rais Magufuli akiwa Chato alitilia shaka chanjo hadharani na kuionya Wizara ya Afya isizikimbilie. Sauti yake ilifika Maine siku hiyo hiyo. Nilitumiwa klipu ile na watu wengi, baadhi wamezaliwa Tanzania, baadhi walipita tu kambini Kigoma, na wote walimheshimu. Mimi Mtanzania, na sauti yenye lafudhi ya Tanzania, nawapigia simu kuwaambia kinyume cha alichosema rais wa nchi yangu. Utaanzaje?

Nilijifunza kuanza kwa kunyamaza. Simu yangu ilianza na salamu, ikaendelea na habari za watoto, kisha nikauliza: umesikia nini kuhusu chanjo? Halafu nasikiliza. Siku hizo magazeti ya Kiingereza yalikuwa na neno moja kwa watu kama sisi, kwamba tunasitasita. Sikulipenda tangu mwanzo, na sasa nalichukia. Anayesitasita amejibiwa maswali yake yote na bado hataki kuamua. Watu wangu hawakuwa wamejibiwa hata moja, kwa kuwa maswali yao hayakuwemo kwenye karatasi.

Karatasi ilijibu kama chanjo ni salama. Baba mmoja wa Kikongomani alitaka kujua kama ataulizwa karatasi zake za ukimbizi, maana kesi yake ilikuwa bado mahakamani na wakili amemwambia asikubali kitu chochote cha bure cha serikali kisije kikahesabiwa kuwa yeye ni mzigo. Jibu lilikuwepo na lilikuwa zuri: chanjo ilikuwa bure, mwenye bima na asiye na bima, na mapema mwezi ule wa Februari wizara ya usalama wa ndani ilitamka kwamba vituo vya chanjo havitafanyiwa misako ya uhamiaji. Ila lilikuwa limeandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, mahali ambapo yeye hangefika kamwe. Mama mwingine aliogopa homa ya siku ya pili, kwa sababu akikosa zamu mbili anafukuzwa, na akifukuzwa kodi ya nyumba atalipa nani? Kwake maudhi madogo madogo yalikuwa na bei, kwa dola.

Na kulikuwa na tarehe 1 Januari. Wengi waliopitia kambini hawakuja na vyeti vya kuzaliwa, hivyo aliyewaandikisha aliwapa wote siku moja, na mwaka wa kukadiria. Baba kazaliwa 1 Januari, mama 1 Januari, watoto watano wa kwanza 1 Januari. Nilipokuwa nikiwawekea miadi, mpokeaji wa upande wa pili alikuwa akidhani nakosea, au namdanganya. Na mwaka ule siku ya kuzaliwa ndiyo iliyokuwa mlango wenyewe. Tarehe 26 Februari 2021 Gavana Janet Mills alitangaza kwamba zamu itakwenda kwa umri: kwanza wa miaka 60 na kuendelea, kisha 50, kisha wengine, hadi mlango ulipofunguliwa kwa wote wenye miaka 16 na kuendelea tarehe 7 Aprili. Naielewa hesabu yake. Wazee ndio waliokuwa wakifa zaidi, na foleni ya umri haina ujanja. Lakini sisi ni jamii ya vijana. Anayewaogesha wazee wa Maine ana miaka 35. Kijana wa kiwandani mwenye miaka 28 alisubiri nje ya mlango ule wakati ugonjwa umeshalala chumbani mwake. Nitasema hivyo hata mbele ya waliopanga, kwa heshima zote.

Kisha kuna bibi mmoja niliyekutana naye mwishoni mwa Machi. Simu mbili za kwanza hakunijibu zaidi ya sentensi moja: "Nani ananiita?" Nikataja jina langu, nikataja jumuiya, nikataja jimbo. Akarudia: "Nimekuuliza, nani ananiita?" Mjukuu wake akachukua simu akaomba radhi. Kwenye fomu yangu kulikuwa na visanduku vitatu: amekubali, amekataa, hajaamua. Sikujua nitie alama wapi.

Siku ya tatu nikaenda mwenyewe, barakoa mbili usoni, nikasimama kwenye varanda ya nyuma kwenye baridi. "Shikamoo, bibi." Akanitazama. Akamwambia mjukuu wake jambo, si kwa Kisomali wala Kiswahili, na magoti yangu yakalegea. Alikuwa anasema Kizigua. Maneno mengine yamegeuka, lakini mwendo wa sauti ulikuwa ule ule wa bibi yangu mzaa mama.

Nilikuwa nimesikia habari zao utotoni bila kuzitilia maanani. Katika karne ya 19, wakati wa njaa kubwa na biashara ya utumwa, Wazigua wengi walichukuliwa kutoka pwani ya Tanga na bara lake hadi Somalia, wakatoroka mashamba ya mabwana wao, wakaweka vijiji kwenye misitu ya mto Juba. Lugha wakaenda nayo, na wajukuu zao ni miongoni mwa hao wanaoitwa Wasomali Wabantu. Vita vya 1991 vilipowafurusha, wengine walirudi hadi Handeni, na pale Chogo wapo hadi leo, raia wa Tanzania. Wengine walivukia kambi za Kenya na kuanzia 2003 wakapandishwa ndege kuja Marekani. Na mimi mtoto wa Handeni nimesimama Lewiston, kwenye barafu, nikijibu kwa Kizigua cha kubabaisha kwamba mama yangu ni wa ukoo fulani na baba yangu wa kijiji fulani.

"Haya," akasema bibi. "Sasa nakuona."

Tulizungumza kama saa nzima. Aliuliza mahindi yanastawi vipi kwetu siku hizi, mvua zinanyesha mwezi gani. Nilimweleza. Mwishoni nikamuuliza kwa nini alikataa kunijibu kwenye simu, na alichonieleza sitakisahau. Maisha yake yote, alisema, akiitwa na serikali anaitwa kwenye mstari. Mstari wa kuhesabiwa, mstari wa alama za vidole, mstari wa mahindi ya msaada, mstari wa kuulizwa upya jina la baba yake kuona kama atajikanganya. Kila anayeita ana karatasi mkononi na hana jina. "Ugonjwa nauogopa," akasema. "Sindano siiogopi. Nataka kumjua anayeniita."

Hakukubali siku ile. Niliporudi kwenye gari niliichukua fomu na pembeni ya visanduku vyote vitatu nikaandika kwa kalamu: anauliza.

Halafu ikaja tarehe 13 Aprili. Nitaikumbuka kwa mambo mawili. Kwanza, ilikuwa siku ya kwanza ya Ramadhani, na nusu ya watu wangu wamefunga. Pili, siku moja kabla yake gari la chanjo la kutembea vijijini, lililoletwa na jimbo pamoja na FEMA, shirika la kitaifa la maafa, lilikuwa limefungua kazi Oxford, mwendo wa kama dakika arobaini kutoka kwetu, likitumia chanjo ya Johnson & Johnson, ile ya dozi moja. Dozi moja kwa mfanyakazi wa zamu ni kama zawadi: safari moja, homa moja, kazi haipotei. Nilikuwa nimeshawapanga wanaume watatu kwenda pamoja. Asubuhi ile serikali kuu ikashauri nchi nzima isimamishe Johnson & Johnson. Katika dozi zaidi ya milioni 6.8, wanawake 6 walikuwa wamepata aina ya nadra ya kuganda kwa damu.

Simu yangu haikupoa mpaka magharibi. Hawakuwa wakinigombeza, na hilo lilinichoma zaidi. Waliniuliza tu, kwa sauti ya mtu aliyeona jambo hilo likija: "Umesikia?" Sikuwa na karatasi ya kusoma. Nikawaambia nilichojua: idadi ni hiyo, ni watu sita, wamesimamisha ili wachunguze, na dawa inayochunguzwa hadharani naiogopa kidogo kuliko inayosifiwa gizani. Mmoja wa wale wanaume watatu, mtu wa Fizi, Kongo, alikaa kimya muda mrefu kwenye simu. "Wanawake sita," akasema. "Kwetu walikufa kijiji kizima, hakuna aliyesimamisha kitu." Wiki mbili baadaye alikwenda kuchanjwa, dozi mbili, safari mbili. Sidai kwamba ni maneno yangu yaliyompeleka. Nadhani alichokiona ni nchi inayosimama kwa ajili ya watu sita, na akataka kuhesabiwa ndani yake.

Kuhusu saumu, masheikh wengi, huku na kwetu, walishajibu: sindano ya msuli si chakula wala kinywaji, haibatilishi funga. Na homa ikikuzidi, unafungua, unalipa siku nyingine. Nilifurahi jibu hilo likitoka msikitini, si kwangu.

Miezi iliyofuata jimbo lilijaribu mengi. Mwezi wa Mei walitoa zawadi kwa atakayechanjwa: leseni ya kuvua samaki, leseni ya kuwinda, kadi ya dola 20 ya duka la L.L.Bean, tiketi za besiboli. Waliojua Maine wanapenda nini walipanga vizuri, lakini mitaa yetu haina wawindaji wengi. Kisha ikaja bahati nasibu ya dola moja kwa kila aliyechanjwa, ikafika dola 896,809, akapewa mtu mmoja siku ya 4 Julai. Nina shaka nayo. Baba mmoja aliniuliza kwa nini kitu kizuri kinahitaji hongo, na jibu langu halikumtosha, wala halikunitosha mimi.

Habari za nyumbani nazo hazikukoma. Kongo ilipokea dozi milioni 1.7 za AstraZeneca mapema Machi, ikachelewa kuzitumia, na zilipokaribia kuisha muda milioni 1.3 zikarudishwa zigawiwe nchi nyingine. Mitaani kwetu ikageuka: "Ile vaksini yenye walirudisha kwetu, njo hii munatuletea huku?" Si hiyo, nilieleza mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, AstraZeneca haikutumika Marekani kabisa. Kisha tarehe 28 Julai Rais Samia akakaa mbele ya kamera Ikulu, mkono wazi, akachanjwa. Klipu ile niliituma mimi, kwa kila mtu aliyewahi kunitumia ile ya Chato. Sikuandika neno lolote chini yake.

Lakini nirudi kwa bibi. Katika kumi la mwisho la Ramadhani, mwanzoni mwa Mei, alinipigia yeye. Hakusalimia sana. "Njoo unichukue," akasema.

Kituo kilikuwa ukumbi mdogo mtaani, viti vimeachana hatua mbili mbili, wakalimani wamevaa vibandiko vya lugha zao kifuani. Muuguzi alikuwa msichana wa Kimarekani, nadhani hajafika miaka 25. Bibi akavuta mkono wa dera lake, akakunja mtandio, na begani kulikuwa na kovu la mviringo, limezama katikati, kubwa kuliko yale ya kifua kikuu tuliyo nayo sisi. Muuguzi akauliza ni kidonda gani kile. Nikatafsiri. Bibi akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

Ni ndui, akasema. Miaka ile wachanjaji walikuja hadi vijiji vya Juba kwa miguu, na sindano fupi yenye ncha mbili kama uma, na yeye alikuwa msichana. Aliyewaleta alikuwa kijana wa kijiji cha jirani ambaye mama yake walimjua. Mgonjwa wa mwisho duniani kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alikuwa Msomali, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya Merca, Oktoba 1977. Alipona. Alikuwa ameikwepa chanjo kwa kuogopa maumivu ya sindano, na miaka mingi baadaye alizunguka vijijini kwenye kampeni ya polio akiwasimulia wazazi kosa lake, hadi malaria ilipomuua Julai 2013 akiwa kazini. Bibi alilijua jina lake. Mimi nililisikia kwake kwa mara ya kwanza, na nilipolisoma baadaye nikakuta yote kama alivyosema.

Muuguzi akauliza mkono gani. Mkono wenye kovu, bibi akaonyesha kwa kidole. "Hapa. Kando ya ndugu yake."

Tukakaa dakika kumi na tano za kusubiri. Yule msichana akapita na sinia la juisi ndogo ndogo, akamsogezea. Nikamweleza kwamba bibi amefunga. Akasimama kidogo, akaangalia saa ukutani, akaniuliza wanafungua saa ngapi. Nikamwambia ni jua likizama, kabla ya saa mbili usiku. Akaenda akarudi na mfuko wa karatasi, ndani ametia juisi mbili na biskuti, na juu yake ameandika kwa kalamu nene jina la bibi, akiwa ameniuliza kwanza herufi kwa herufi linaandikwaje.